Wakuu, programu ipi ya kupima mwanga wa mchana inafaa kwa madarasa ya huku kwetu?

#1 FundiRamani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu,

Mimi ni msanifu majengo, mwaka wa tatu kazini, ofisi ndogo hapa Dar. Tuna kazi ya kukarabati madarasa sita ya shule ya msingi. Ni jengo la chini, bati juu, limelala kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo madirisha yanatazama mashariki na magharibi. Magharibi kuna baraza ya mita 1.8. Mashariki ni uwanja mtupu. Kila darasa ni mita 9 kwa 7, madirisha ya luva, nondo kwa nje, wavu wa mbu kwa ndani.

Walimu wanalalamika kwamba madarasa ni giza. Taa zinawashwa tangu asubuhi, Luku inaisha kabla mwezi haujafika kati. Mfadhili anataka ripoti ya mwanga kabla hajatoa hela ya kubadilisha madirisha.

Nimeshusha VELUX Daylight Visualizer kwa sababu ni ya bure, nikajenga darasa moja kwenye SketchUp, nikaliingiza. Jibu limenichanganya: wastani wa DF (uwiano wa mwanga wa ndani kwa ule wa nje) umetoka asilimia 3.4. Miongozo mingi niliyosoma inasema kuanzia asilimia 2 chumba kina mwanga mzuri. Kwenye karatasi darasa halina tatizo, lakini mimi mwenyewe nimesimama pale saa tano asubuhi nikashindwa kusoma daftari la mtoto wa nyuma.

Je, nibadilishe programu? Nasikia Radiance, Honeybee, DIALux, ClimateStudio, kila mtu na yake. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Bajeti ya leseni hakuna. Natanguliza shukrani.

#2 Mchanga_na_Saruji

Naweka kambi hapa. Nina zahanati yenye shida hiyohiyo.

#3 VoltiMbili

Mkuu, mimi ni mhandisi umeme. Chukua DIALux evo. Bure, inatengenezwa Ujerumani, inakubalika kila mahali kwa taa, na ina mwanga wa mchana ndani yake. Unachagua anga (la mawingu, la wastani au safi), unaweka tarehe na saa, inakupa laksi (kipimo cha mwanga) mezani. Faida yake kubwa ni kwamba taa na dirisha unavipima kwenye faili moja, kwa hiyo ripoti ya mfadhili inatoka na mpango wa taa humohumo. Usijitafutie maumivu ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi kwa darasa la mita 9 kwa 7.

#4 Upepo_wa_Ngong

Niko Nairobi. Ofisini tunatumia ClimateStudio ya Solemma, inakaa ndani ya Rhino, programu ya kuchora kwa 3D. Kwa kweli ni tamu: unabonyeza, ramani ya sakafu inaanza kujichora palepale na kuboreka kadiri unavyoiacha. Lakini ni ya kulipia, na Rhino nayo ni ya kulipia, na sisi tuliinunua kwa sababu tulikuwa na mteja aliyetaka LEED, cheti cha majengo ya kijani. LEED v4 inataka sDA (sehemu ya sakafu yenye mwanga wa kutosha) na ASE (sehemu inayopigwa na jua kupita kiasi) za mwaka mzima, au uonyeshe laksi kati ya 300 na 3,000 saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri siku za usiku na mchana sawa. Kama ingekuwa EDGE, cheti kingine cha aina hiyo, tusingeinunua. EDGE inadai upunguze asilimia 20 kwenye nishati, maji na vifaa vya ujenzi, haikudai ramani ya laksi.

Kwa hiyo swali la kwanza ndugu yangu: mfadhili wako ametaja kipimo gani kwa jina?

#5 FundiRamani

Hajataja. Ameandika "tathmini ya mwanga wa asili", basi.

#6 Pembe_ya_Jua

Mkuu FundiRamani, kabla hatujakutajia programu, naomba unijibu matatu.

Moja, madirisha ya mashariki yakoje leo hii, siyo kwenye ramani?
Mbili, masomo yanaanza saa ngapi na yanaisha saa ngapi?
Tatu, hiyo saa tano uliposhindwa kusoma, jua lilikuwa limeingia ndani au halikuingia?

#7 FundiRamani

Mkuu, swali lako la kwanza limenifanya nirudi shuleni leo na kamera.

Luva za mashariki zimebandikwa magazeti karibu zote. Vioo vingine vimepakwa rangi nyeupe kwa brashi. Darasa la tatu wameninginiza kipande cha turubai. Mwalimu anasema asubuhi jua linawapiga watoto usoni na ubao hausomeki, ndiyo wakaziba. Baadaye hakuna anayebandua, unabaki hivyo mwaka mzima.

Masomo ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Saa tano jua halikuwa ndani kabisa.

Nikiri, kwenye modeli nilichora vioo safi.

#8 Pembe_ya_Jua

Sasa tunaongea. Samahani, hii itakuwa ndefu, lakini ni jambo ninaloliona likirudiwa kila mwaka na linaniuma.

Darasa lako ni giza kwa sababu ya jua. Jua linaingia saa moja na nusu hadi saa tatu, watoto wanaumia macho, mwalimu anaziba, na kuanzia saa nne wanakaa gizani na taa zinawaka wakati nje kuna mwanga wa kumwaga. Ukifungua madirisha makubwa zaidi upande huohuo, wataziba makubwa zaidi.

Kwa nini DF haikuonyesha? DF ni uwiano: mwanga uliopo mezani ukigawanywa kwa mwanga ulioko nje, chini ya anga lililofunikwa na mawingu kote. Lile anga la mawingu la CIE (tume ya kimataifa ya mwangaza) halina jua. Kilele chake kina mng'ao mara tatu ya upeo, na linalingana pande zote. Maana yake, dirisha la mashariki, la magharibi, la kaskazini na la kusini, yakiwa na ukubwa mmoja, yote yanapata DF ileile. Geuza jengo lako nyuzi 90 kisha uendeshe tena hesabu, utaona 3.4 haisogei. Kipimo hicho kilizaliwa Ulaya ya kaskazini, ambako hofu kubwa ni siku ya mawingu ya Desemba. Kule kina maana. Sisi tuko nyuzi 6.8 kusini ya ikweta.

VELUX haikukosea hesabu. Ni programu iliyopimwa kwa majaribio ya CIE 171:2006, na kwa kazi iliyotengenezewa naiheshimu. Wewe uliiuliza swali lisilo na jua, ikakujibu bila jua.

Kinachokufaa ni hesabu ya mwaka mzima kwa faili la hali ya hewa la mahali: saa kwa saa, anga na jua la Dar, upande kwa upande. Na kipimo ninachokushauri ni UDI. Kinagawa saa za masomo mafungu: chini ya laksi 100 ni giza, kati ya 100 na 3,000 panafaa, juu ya 3,000 pamezidi. Hilo fungu la mwisho ndilo litakalokwambia ni dawati gani mwalimu atabandika gazeti. sDA yenyewe inahesabu kama nusu ya saa zimefika laksi 300, halafu inadhani kuna mapazia yanayofungwa na kufunguliwa na mtu mwangalifu. Shule yako haina mapazia hayo.

Programu za kufanya hivyo bila hela:

Radiance ndiyo moyo wa karibu zote. Greg Ward aliianza miaka ya 1980 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, na tangu 2002 ni ya chanzo huria. Inafuata miale kutoka jichoni kurudi kwenye chanzo. ClimateStudio ndani yake ni Radiance. Honeybee nayo ni Radiance. DAYSIM ya zamani, vilevile. Kwa hiyo mabishano ya "ipi sahihi zaidi" kati ya hizi, mengi ni mabishano ya sura ya nje.

Honeybee ya Ladybug Tools ni ya bure, inakaa ndani ya Grasshopper, na Grasshopper inakuja na Rhino. Rhino unapewa siku 90 za majaribio kamili bila kulipa. Kwa madarasa sita, siku 90 zinatosha ukijipanga. Ikiwa hutaki kutegemea Rhino, kuna VI-Suite, plagini ya bure ya Blender iliyotoka Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza. Nayo inaita Radiance kwa nyuma. Ina watu wachache wa kuuliza ukikwama, hilo ndilo tatizo lake.

GB 8 zinatosha darasa moja kwa wakati. Usiweke jengo zima.

#9 VoltiMbili

Nimekuelewa kuhusu jua, mkuu Pembe. Lakini nina neno. Nimeona vijana wanaleta ramani za rangi za Honeybee za kupendeza, ukiuliza ukuta umewekewa uakisi gani (sehemu ya mwanga unaourudisha) hawajui, wameacha ule uliokuja na programu. Mimi DIALux yangu ya saa moja na tarehe moja, nikiwa nimepima kuta, naiamini kuliko mwaka mzima wa kubahatisha. Na hata kwa DIALux unaweza kuchagua anga safi lenye jua, 21 Machi saa mbili na nusu asubuhi, ukaona jua limeangukia dawati gani. Siyo lazima mwaka.

#10 Pembe_ya_Jua

Hapo sikupingi hata kidogo. Kwa kuona jua linafika wapi, saa moja iliyochaguliwa vizuri inatosha. Mwaka mzima unahitajika unapotaka kulinganisha suluhisho mbili na kusema hii inaokoa saa ngapi. Na la vipimo umelisema vizuri, naomba uliendeleze maana una laksimita, chombo cha kupima laksi.

#11 VoltiMbili

Sawa. FundiRamani, azima laksimita ya kweli. Programu za simu zinatumia kihisi cha simu ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, kila simu inasema lake.

Ukuta: bandika kihisi kwenye ukuta kikitazama chumba, andika namba. Kisha kigeuze kitazame ukuta, ukirudishe nyuma kama sentimita 20 hadi namba itulie, bila kivuli chako. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Huo ndio uakisi wako, kwa kukadiria. Rudia sehemu tatu. Fanya hivyo kwa sakafu, dari na madawati.

Shule zetu nyingi nusu ya chini ya ukuta ni rangi ya mafuta ya kahawia au bluu iliyokolea, ili uchafu usionekane. Usichore ukuta wote mweupe! Juu unaweza kupata 0.7, chini ukapata 0.15, na ile ya chini ndiyo iliyo karibu na dawati.

Wavu: pima mbele ya dirisha lililo wazi, kisha weka wavu uleule wenye vumbi lake mbele ya kihisi. Mimi niliwahi kupima wavu wa jengo moja la ofisi, uliopita ni asilimia 52 tu ya mwanga. Nusu ya dirisha imeliwa na vumbi na nyuzi. Hakuna programu itakayolijua hilo usipoiambia.

#12 Bandari_Kuu

Wakuu mbona hakuna aliyetaja Ecotect? Chuoni kwetu ndiyo tuliyofundishwa.

#13 Upepo_wa_Ngong

Autodesk waliinunua 2008, wakaacha kuiuza 2015. Ilikuwa nzuri sana kwa kufundishia vivuli na njia ya jua, mimi mwenyewe nilijifunzia hapo. Lakini mwanga wake wa ndani kwa ndani ulikuwa DF ya njia ya mkato. Watu makini walikuwa wanapeleka modeli kwenye Radiance. Kwa kazi mpya usianzie pale.

#14 Ziwa_Nyamagana

Nipo Mwanza, nami natumia Radiance yenyewe kwa mkono, nikiandika amri. Kwa atakayefuata njia hii, kuna mahali nilipoteza siku mbili, nisingependa mwingine apoteze.

Radiance inahesabu longitudo chanya kuelekea MAGHARIBI. Sisi wote wa Afrika Mashariki tuko mashariki ya Greenwich, kwa hiyo kwa Dar unaandika amri za kutengeneza anga, gendaylit au gensky, hivi: -a -6.8 -o -39.2 -m -45. Hiyo -45 ni meridiani ya saa zetu (saa 3 mbele ya Greenwich, mara nyuzi 15). Ukisahau alama ya kutoa kwenye -o peke yake, jua linachelewa kwa zaidi ya saa tano. Unaomba saa sita mchana, inakupa jua ndiyo kwanza linachomoza. Picha inatoka nzuri tu, na hakuna onyo. Wakati huohuo faili la EPW (lile la hali ya hewa) linaandika longitudo ya Dar kama +39.2 na saa kama +3. Ukihamisha namba kutoka kule kuleta huku bila kufikiri, umekwisha.

Kioo nacho: kipengele cha "glass" hakitaki ile namba ya kiwandani ya kupitisha mwanga. Kioo kimoja safi kinachopitisha 0.88, unaandika 0.96. Honeybee inakubadilishia yenyewe, ukiandika kwa mkono ni juu yako.

Na midundo. Ukiacha -ab (idadi ya midundo) kama ilivyo kwenye amri ya rtrace, ni 0, yaani mwanga haudundi hata mara moja kwenye ukuta. Darasa lenye baraza upande mmoja, mwanga wake mwingi wa upande huo umeshadunda sakafuni na darini kabla ya kufika mezani. Weka 5 au 6. Itachukua muda, acha ikae usiku kucha kama umeme upo.

#15 FundiRamani

Mkuu Ziwa, hapo kwenye alama ya kutoa umeniokoa, shukrani sana. Faili la EPW nilitoe wapi? Na ratiba ya masomo naiwekaje?

#16 Ziwa_Nyamagana

climate.onebuilding.org, tafuta Tanzania, kuna la uwanja wa ndege wa Dar. Kwa mahali pasipo na kituo, PVGIS ya Tume ya Ulaya inakubali ubonyeze popote kwenye ramani ya Afrika na kukutolea EPW. Fahamu tu kwamba mionzi iliyomo kwenye mafaili mengi haya haikupimwa kwa chombo uwanjani; imehesabiwa kutokana na satelaiti au modeli za hali ya hewa. Kwa kulinganisha suluhisho na suluhisho inafaa. Kwa kuapa kwamba tarehe fulani saa fulani kutakuwa na laksi 412, haifai.

Ratiba: programu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa moja na nusu asubuhi ni 7.5, saa nane na nusu mchana ni 14.5. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewahi kupokea faili lililoandikwa 2 hadi 8 na mtu aliyekuwa na haraka, na matokeo yake yakasema jengo zima ni giza. Toa na wikiendi na likizo pia, maana ile ratiba ya saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni inayotumika kwenye sDA ni ya ofisi.

#17 Mwalimu_Mstaafu_Ujenzi

Wanangu, nimesoma yote. Nilifundisha ujenzi miaka mingi kabla kompyuta hazijaingia vyuoni kwetu, na nina jambo moja la kuongeza ambalo nalipenda sana.

Mwanga hauna skeli. Maketi (mfano mdogo) ya darasa kwa 1:20, kuta za kadibodi zilizopakwa rangi za kweli, ukiiweka nje chini ya anga la kweli, mwanga unaingia mle kama utakavyoingia kwenye jengo. Sauti haiko hivyo, joto haliko hivyo, mwanga uko hivyo. Darasa la mita 9 linakuwa sentimita 45. Toboa tundu dogo ukutani, chungulia au piga picha kwa simu, na kihisi cha laksimita kiingie kwa chini. Muhimu kuta zisipitishe mwanga na pembe zizibwe kwa gundi ya karatasi nyeusi.

Kwa jua, chora saa ya jua ya latitudo yako kwenye karatasi, ibandike ubavuni mwa maketi na kijiti chake, kisha inamisha maketi juani hadi kivuli cha kijiti kiangukie Juni saa tatu, au Machi saa mbili na nusu. Hapohapo utaona jua limelala kwenye dawati gani. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sababu yangu ya kulisema hili ni mwalimu mkuu. Ramani ya rangi ya kompyuta hawezi kubishana nayo, ataitikia tu. Maketi atainama atazame, atasema "hapana, ubao wetu uko upande huu". Nimeliona likitokea, na siku hiyo michoro yote ilibadilika.

#18 FundiRamani

Shikamoo mwalimu wangu. Nitafanya vyote viwili. Nipeni wiki tatu.

#19 Mchanga_na_Saruji

Wakati tunasubiri: kwa nini asiweke tu kivuli cha slabu upande wa mashariki, mita moja na ushee, yakaisha? Ndivyo tunavyofanya siku zote.

#20 Pembe_ya_Jua

Chukua kalamu mkuu. Dirisha la kimo cha mita 1.2.

Tuseme lingetazama kaskazini. Dar, adhuhuri ya Juni, jua liko juu karibu nyuzi 60 upande wa kaskazini. Kivuli cha sentimita 70 kinalifunika lote. Saa tatu asubuhi kwa saa ya jua utahitaji kama sentimita 95. Bado ni slabu ya kawaida. (Na tukumbuke, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri la Dar liko kaskazini. Vitabu vya Ulaya vinavyosema "kinga upande wa kusini" usivinakili.)

Sasa la mashariki. Machi, saa mbili na nusu asubuhi, jua liko nyuzi 30 tu na limekukabili uso kwa uso. Slabu ya kulifunika dirisha hilohilo ni zaidi ya mita mbili. Na watoto wako darasani tangu saa moja na nusu, jua likiwa chini zaidi ya hapo. Hakuna slabu ya bei ya kawaida itakayolifikia. Upande wa mashariki kinga inasimama wima: mapezi (vibao vya wima vinavyotokeza nje ya dirisha) yaliyoinamishwa kuelekea kaskazini au kusini, matofali ya matundu, au miti. Hesabu hii haihitaji programu yoyote, na ingepaswa kufanywa kabla ya kuwasha kompyuta.

#21 Mchanga_na_Saruji

Kumbe. Zahanati yangu nimeshachora slabu ya mita 1.2 mashariki. Nairudia kesho.

#22 FundiRamani

Wakuu, nimerudi. Wiki nne badala ya tatu, mniwie radhi.

Nilitumia Honeybee ndani ya Rhino ya majaribio. Gridi ya nusu mita kwenye kimo cha dawati, midundo 6, ratiba 7.5 hadi 14.5 siku za shule tu. Darasa moja lilichukua kama dakika 40 kwenye laptopu yangu.

Kabla ya kuiamini, tulibandua magazeti ya darasa moja Jumamosi na mimi nikapima saa nne asubuhi, siku ya mawingu. Katikati ya darasa: laksi 230. Modeli yangu ya kwanza, yenye kuta nyeupe na vioo safi, kwa anga kama lile ilisema 410. Nikaingiza wavu niliopima (asilimia 55), nondo, luva zilizo nusu wazi, nusu ya chini ya ukuta ya kahawia (0.14) na sakafu ya saruji (0.22). Ikashuka hadi 255. Hapo nikaona naweza kuendelea. VoltiMbili, heshima kwako: vitu vile vidogo vilikuwa na uzito kuliko kubadilisha programu.

Hali ilivyo bila magazeti: mstari wa madawati ya mashariki unapita laksi 3,000 karibu theluthi moja ya saa za masomo, karibu zote kabla ya saa tatu na nusu. Mstari wa kati uko vizuri. Mstari wa magharibi chini ya baraza uko kati ya 100 na 300 muda mwingi.

Nimejaribu vitatu:

Slabu ya mita 1.2 mashariki: theluthi ilishuka kidogo sana, kama Pembe alivyosema, na katikati pakapungukiwa.

Matofali ya matundu dirisha zima: jua limekwisha kabisa, lakini katikati pakashuka chini ya 150. Tumeliacha.

Mapezi ya wima kwenye sehemu ya chini ya dirisha, yameinamishwa kaskazini, na luva za juu kabisa zimeachwa wazi juu ya rafu nyembamba nyeupe. Saa zilizozidi zikashuka chini ya moja ya kumi. Kisha nikabadilisha kitu kimoja tu, rangi ya chini ya ukuta kutoka kahawia kwenda krimu isiyokolea, na baraza la magharibi nikalipaka dari nyeupe. Mstari wa magharibi ukapanda kwa karibu theluthi. Rangi! Ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye bajeti.

Maketi nilitengeneza na wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo. Mwalimu mkuu alichungulia, akauliza kwa nini ubao uko kaskazini. Nikamwambia ndivyo ulivyo kwenye ramani ya zamani. Akasema walishauhamishia kusini miaka mingi. Mwalimu Mstaafu, nilikukumbuka palepale. Nikageuza mwinamo wa mapezi uelekee kusini, ili watoto wanaotazama ubao wasione jua kati ya pezi na pezi, nikaendesha hesabu upya. Saa zilizozidi ni zilezile karibu.

#23 Mwalimu_Mstaafu_Ujenzi

Hongera mwanangu. Hiyo maketi usiitupe, iache shuleni.

#24 Upepo_wa_Ngong

Kazi safi sana. Swali: krimu isiyokolea nusu ya chini ya ukuta wa shule ya msingi, itadumu muhula mmoja?

#25 FundiRamani

Ndilo alilouliza mwalimu mkuu pia. Tumekubaliana iwe rangi ya mafuta inayooshwa, na sentimita 30 za chini kabisa zibaki kahawia, hapo ndipo viatu vinapogonga. Nilizijaribu kwenye modeli, tofauti ni ndogo mno.

#26 VoltiMbili

Na wavu?

#27 FundiRamani

Wavu unabaki, mbu wapo. Ila tunauweka kwenye fremu inayotoka kwa skrubu mbili, ili uoshwe kila likizo. Nimepima kipande kipya cha aina ileile: asilimia 68. Kile cha vumbi kilikuwa 55.

Wiki ijayo fundi anafunga mapezi ya darasa la kwanza la majaribio, mbao tu kwanza kabla ya chuma. Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa pale na laksimita. Magazeti ya darasa hilo walimu wameomba wayabandue wenyewe.